Beryl Markham: Malkia wa farasi aliyeng'aa Eastlands kabla ya kuvuka Atlantiki

ABIRIA anayetoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Kariokor hupitia Barabara ya Racecourse, lilipo Kanisa Katoliki la St Peter Claver, ambako matatu za kwenda Eastleigh hung'ang'ania nafasi na mikokoteni inayosheheni mitumba kutoka Gikomba. Ni wachache mno hujiuliza jina la barabara hiyo lilitoka wapi. Wengi hudhani lahusu uwanja wa Barabara ya Ngong, uliko upande wa pili kabisa wa jiji. La hasha. Kwa muda wa miaka 50, kuanzia 1904 hadi 1954, farasi walikimbia papa hapa mashariki mwa jiji, kwenye tambarare iliyokuwa baina ya Kariokor na Eastleigh ya leo.

Chama cha mbio za farasi cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1904, wakati Nairobi ilikuwa na umri wa miaka 5 tu tangu reli ifike. Mji ulikuwa wa mabati na matope, na wenyeji wengi hawakuwa wamemwona farasi kabla ya hapo. Hata hivyo, walowezi na maafisa wa kijeshi walipata uwanja wa mbio mapema kuliko walivyopata barabara za lami. Katika uwanja huo ndipo lilipochipuka jina la mwanamke ambaye baadaye ulimwengu ungemjua kama rubani na mwandishi, lakini ambaye hadi kufa kwake alijihesabu kwanza kuwa mtu wa farasi. Huyo ni Beryl Markham.

Alizaliwa Oktoba 26, 1902, katika kijiji cha Ashwell, Uingereza, akaitwa Beryl Clutterbuck. Babake, Charles Clutterbuck, alikuwa afisa wa zamani wa jeshi aliyesifika kwa jambo moja hasa, nalo ni ujasiri wake katika mbio za farasi za kuruka viunzi. Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa bila kuelewa mchezo huo ni vigumu kumwelewa baba, na bila kumwelewa baba haiwezekani kumwelewa binti.

Mkenya asiyejua lolote kuhusu farasi anaujua mchezo huu kwa sura nyingine. Mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, ambazo Amos Biwott alizinyakulia dhahabu katika Olimpiki za Mexico mwaka 1968 na Kipchoge Keino akafuata mwaka 1972 mjini Munich, zilizaliwa na mbio za farasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752 wanaume wawili wa kaunti ya Cork, Ireland, walishindanisha farasi wao kutoka kanisa la Buttevant hadi lile la Doneraile, wakiutumia mnara wa kanisa kama shabaha na kuruka kila ua, mtaro na ukuta uliowazuia njiani. Ndiyo maana hadi leo Waingereza huuita mchezo huo kwa jina la mnara wa kanisa.

Jeshi la Uingereza liliupenda mchezo huo kwa sababu zake. Afisa wa kikosi cha farasi aliyeweza kuruka ua kwa kasi bila kupoteza hatamu alionekana kuwa tayari kwa vita. Hivyo yakaanzishwa mashindano ya wanajeshi pekee, ambamo mpandaji hakulipwa na sharti awe ametumikia jeshi. Makuu kati ya hayo, yaliyoanza mwaka 1841, baadaye yalipata makao katika uwanja wa Sandown Park karibu na London, na yangali yanaendelea. Hata wana wa mfalme hawakusalimika. Edward, mrithi wa kiti cha ufalme, alianguka vibaya mwaka 1924 katika mbio za jeshi na kuzua mjadala wa iwapo mtu wa cheo chake angeruhusiwa kuhatarisha shingo kwa ajili ya mchezo.

Clutterbuck alitoka katika ulimwengu huo wa maafisa wasiolipwa kwa kukimbia ila waliolipa gharama kubwa kwa kukimbia. Mwaka 1904 aliamua kujaribu bahati Afrika. Alianza kwa kumfanyia kazi Lord Delamere huko Njoro, kisha akajipatia shamba lake, Green Hills, akajenga vinu vya kusaga nafaka na kupasua mbao, na zaidi ya yote, mabanda ya farasi. Mkewe, Clara, na watoto wao wawili walimfuata, lakini Clara hakustahimili. Alirejea Uingereza mwaka 1906 na mwanawe wa kiume aliyekuwa mgonjwa mgonjwa. Beryl, mwenye umri wa takriban miaka 4, akaachwa Njoro na babake.

Aliyemlea ni nani basi? Si babake peke yake, kwa kuwa huyo alishinda zizini na kinuni. Beryl alilelewa kwa kiasi kikubwa na Wanandi na Wakipsigis waliofanya kazi shambani. Wakubwa walimwita lakwet, yaani mtoto kwa Kikalenjin. Alikizungumza Kiswahili na Kinandi kabla ya kukimudu Kiingereza cha vitabuni, akajifunza kurusha mkuki, kupigana mieleka na kuwinda kwa miguu pamoja na watu wazima, jambo ambalo hata wasichana wa Kinandi hawakuruhusiwa. Mwenzake wa karibu alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii, mwana wa arap Maina. Wawili hao walishindana kuruka juu, mchezo ambao vijana wa huko waliuchukulia kwa uzito, kila mmoja akijitahidi kuruka kimo cha kichwa chake mwenyewe. Msomaji anayekumbuka jinsi Biwott alivyouruka ule mtaro wa maji bila kulowesha viatu hatashangaa kusikia hayo.

Utoto huo haukuwa wa raha tupu. Akiwa bado mdogo alishambuliwa na simba aliyefugwa katika shamba la jirani wa kizungu, akaponea kwa makovu. Alipelekwa shule Nairobi, lakini hakudumu; walimu walichoka naye upesi kuliko yeye alivyochoka nao.

Kisha ikaja Agosti 1914. Vita Vikuu vya Kwanza vilipotangazwa, walowezi walimiminika Nairobi wakiwa na farasi na nyumbu wao, bunduki za kuwindia na kofia pana, wakapiga hema kwenye uwanja wa mbio. Huko ndiko kikosi cha wapanda farasi cha East African Mounted Rifles kilipoundwa. Walikuwa wanajeshi wa kujitolea, wengi wao wakiwa wale wale waliokuwa wakishindana uwanjani humo miezi michache kabla. Sasa walichezea gwaride pale walipozoea kuchezea kamari. Novemba 3, 1914, waliingia vitani Longido, upande wa Tanganyika, na wakagundua kwamba vita vya Afrika havikuwa mashindano ya kuruka nyua. Farasi waliangamizwa na mbung'o na maradhi kuliko risasi, na kikosi chenyewe kikapukutika kadiri watu wake walivyohamishiwa vikosi vingine.

Aliyebeba vita hivyo hakuwa farasi bali binadamu. Mamia ya maelfu ya Waafrika waliandikishwa, wengi kwa nguvu, kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi mno hawakurudi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, likatamkwa kwa ulimi wa wenyeji na kuwa Kariokor. Hivyo basi mtaa mmoja wa Eastlands una majina mawili ya vita vile vile: barabara inayokumbuka farasi wa mabwana, na soko linalokumbuka mabega ya watwana. Arap Maina naye alijiunga na jeshi, akauawa. Kibii akabaki yatima wa baba, na Beryl akapoteza mtu aliyemfundisha kuwinda.

Amani ilipokuja, msiba wa aina nyingine uliipata Green Hills. Clutterbuck alikuwa ametia saini mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyopangwa. Mvua ikakosekana, bei ya nafaka ikapaa, naye badala ya kuvunja ahadi akanunua ghali na kuuza rahisi hadi akafilisika. Shamba likauzwa, farasi wakapigwa mnada, na mzee akaenda Peru kufunza farasi wa watu wengine. Beryl alikuwa amekwisha kuolewa mwaka 1919, kabla ya kutimiza miaka 17, na Kapteni Jock Purves, jirani aliyemzidi umri kwa mbali. Ndoa hiyo haikudumu. Kwa simulizi yake mwenyewe, aliondoka akiwa juu ya farasi wake, Pegasus, mali yake yote ikiwa katika mifuko miwili ya tandiko, akashika njia ya Molo kutafuta riziki kwa kazi pekee aliyoijua.

Mapema katika miaka ya 1920 alipewa leseni ya kufunza farasi wa mbio, akawa mwanamke wa kwanza nchini kuipata. Tusilichukulie hilo kwa wepesi. Wenye farasi walikuwa wanaume, waamuzi walikuwa wanaume, wapandaji walikuwa wanaume, na wengi wao walikuwa maafisa waliostaafu walioamini kwamba zizi halina tofauti na kambi. Msichana aliyeamka kabla ya alfajiri akiwa amevaa suruali, akiwaamuru masaisi kwa Kiswahili fasaha na kugusa miguu ya farasi mmoja mmoja kutafuta joto la uvimbe, alikuwa kioja. Baadhi walimpa farasi wao kwa kumwonea huruma. Wengine walimpa kwa kuwa walimjua babake.

Siku iliyomaliza mzaha ilikuwa ya mbio za St Leger mwaka 1926, katika uwanja huo huo wa Eastlands. Kwa kuwa kisa hiki ndicho kiini cha sifa yake, ni haki kukieleza kwa kirefu.

Beryl alikuwa akimfunza dume mmoja aliyeitwa Wrack, ambaye kila mtu alimtabiria ushindi. Zikiwa zimesalia wiki 12 hivi kabla ya siku yenyewe, mwenye farasi huyo alishawishiwa kwamba mnyama wa thamani hiyo hapaswi kuwa mikononi mwa msichana, akamwondoa na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine. Beryl akabaki na zizi lisilo na farasi wa kushindana. Ndipo Eric Gooch alipomkabidhi jike wake, Wise Child, mwenye damu njema lakini miguu mibovu. Mkufunzi aliyetangulia alikuwa amemtia kazi nzito mapema mno, na kano za miguu yake ya mbele zilikuwa zimelegea kiasi kwamba hakuna aliyeamini zingebeba uzito wa mpandaji kwa maili moja na robo tatu.

Kufunza farasi mwenye kano mbovu ni kazi ya mizani. Ukimkimbiza sana, kano hukatika. Ukimpumzisha sana, hufika uwanjani akiwa na pumzi fupi. Beryl alichagua ardhi laini, akampa mwendo mrefu wa taratibu, akawa anamfunga bendeji na kumkanda asubuhi na jioni. Katika kazi hiyo hakuwa peke yake. Kibii, ambaye sasa alikuwa ametahiriwa na kuitwa arap Ruta, alikuwa amemtafuta hadi akampata, akawa mkono wake wa kulia. Waliocheza pamoja wakiwa sawa sasa walikuwa mwajiri na mwajiriwa, na yule aliyemwita kwa jina utotoni akaanza kumwita memsahib. Beryl mwenyewe aliliandika jambo hilo baadaye kwa majonzi, ingawa hakuna dalili kwamba alijaribu kulibadilisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya koloni, na alifaidika nayo.

Siku ya mbio, Sonny Bumpus ndiye aliyempanda Wise Child. Wrack alikuwepo pia, misuli iking'aa, na dau kubwa likiwa juu yake. Jike yule aliongoza, akafikiwa, na katika kipande cha mwisho wote waliojua hali ya miguu yake walingoja kuiona ikisalimu amri. Haikusalimu. Alimtangulia Wrack kwenye mstari wa mwisho. Beryl alikuwa na umri wa miaka 23.

Kikombe kilimwendea mwenye farasi, sifa zikamwendea mkufunzi na mpandaji, na jina la arap Ruta likabaki hai kwa sababu tu Beryl alichagua kuliandika. Masaisi wengine waliolala na farasi, wakawalisha, wakawasugua na kuwatembeza uwanjani humo kwa miaka 50 hawakubahatika kuwa na mwandishi. Wakati huo huo, hatua chache kutoka kwenye jukwaa, serikali ya kikoloni ilikuwa imetenga Pumwani kuwa makao ya Waafrika, na katika miongo iliyofuata ikaongeza Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Bahati. Wakazi wa mitaa hiyo walizisikia shangwe za uwanjani vizuri kabisa.

Mwaka 1927 Beryl aliolewa tena, mara hii na Mansfield Markham, Mwingereza tajiri aliyempa jina analokumbukwa nalo na mwana mmoja, Gervase, aliyezaliwa mwaka 1929. Uhusiano wake na Mwanamfalme Henry, nduguye yule Edward aliyeanguka kwenye mbio za jeshi, uliivuruga ndoa hiyo na kuzua minong'ono mirefu mjini London. Mwana alilelewa Uingereza na jamaa za baba. Waandishi wa maisha yake hawajamsamehe kwa hilo, na sioni sababu ya sisi kuwa wepesi kuliko wao; ila ni kweli pia kwamba yeye mwenyewe aliachwa na mamake akiwa mtoto, na huenda hakuwahi kuonyeshwa kinachopaswa kufanywa.

Kutoka farasi alihamia ndege. Mwalimu wake alikuwa Tom Campbell Black, aliyemwonya mwezi Mei 1931 asipande ndege ya Denys Finch Hatton iliyokuwa ikielekea Voi. Alimsikiliza. Finch Hatton aliangukia Voi na kufa pamoja na mtumishi wake Mwafrika. Mwaka uliofuata Beryl alirusha ndege peke yake kutoka Nairobi hadi London, na baada ya kupata leseni ya urubani wa kibiashara akawa akibeba barua, wagonjwa na wawindaji, hata kuwatafutia wawindaji hao ndovu kutoka angani, kazi ambayo leo ingemfikisha mahakamani. Arap Ruta aliyahama mazizi pamoja naye, akajifunza kutunza injini alivyojifunza kutunza kwato.

Safari iliyompa jina la dunia ilianza Abingdon, Uingereza, jioni ya Septemba 4, 1936. Ndege ilikuwa ya kuazima, mali ya John Carberry, mlowezi wa Nyeri. Alikusudia kufika New York, akipaa dhidi ya upepo, kutoka mashariki kwenda magharibi. Baada ya saa 21 na dakika 25 mafuta yalikatika, inaaminika kwa sababu ya barafu kwenye tangi, na ndege ikachomeka pua kwenye kinamasi huko Baleine, Nova Scotia, nchini Canada. Alitoka akiwa na jeraha la kichwa, mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwa mwelekeo huo. New York ilimpokea kwa shangwe. Wiki mbili baadaye, Septemba 19, Campbell Black aliuawa katika ajali ya ndege uwanjani Liverpool.

Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka 1942, kikapongezwa na kusahauliwa katikati ya kelele za vita. Mume wake wa tatu, mwandishi Raoul Schumacher, amedaiwa na baadhi kuwa ndiye aliyekiandika. Ubishi huo haujaisha. Mwandishi huyu anaona kwamba Schumacher huenda alinyoosha sentensi, lakini hakuna Mmarekani aliyekaa California angeweza kubuni harufu ya zizi la Njoro wala hadithi ya miguu ya Wise Child.

Alirejea Kenya karibu na mwaka 1950, bila mume na bila fedha, akarudia farasi. Mwaka 1954 uwanja wa Eastlands ulifungwa na mbio zikahamia Barabara ya Ngong. Huo ndio mwaka ambao, kuanzia Aprili 24, majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil na kuwakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka mitaa hiyo hiyo ya mashariki. Farasi waliondoka Eastlands kwa hiari ya wenyewe. Watu waliondolewa kwa malori.

Katika uwanja mpya Beryl alitamba kuliko alivyowahi kutamba katika ule wa zamani. Alishinda Derby ya Kenya mara 6 na kuwa mkufunzi bora wa mwaka mara 5, akiwa na farasi kama Niagara na Lone Eagle ambao majina yao bado hutajwa na wazee wa mchezo. Katikati ya miaka ya 1960 alihamia Afrika Kusini, mambo yakamwendea kombo, akarudi. Klabu ya mbio ikampa nyumba ndogo karibu na uwanja wa Ngong, ambamo aliishi kwa uhitaji, akavamiwa na wezi na kupigwa. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali, yeye, karibu miaka 80, aliendesha gari kuelekea klabu ya Muthaiga kana kwamba hakuna lililotokea. Risasi zikalipiga gari lake, moja ikamchuna kidevu.

Mwaka uliofuata kitabu chake kilichapishwa upya Marekani, baada ya kugunduliwa barua ya Ernest Hemingway iliyokisifu, kikauzwa kwa wingi ambao hakuwahi kuuota. Fedha zikaanza kuingia alipokuwa hana tena nguvu za kuzitumia. Aliendelea kwenda kuwaangalia farasi asubuhi kadiri miguu ilivyomruhusu. Alifariki jijini Nairobi Agosti 3, 1986, baada ya kuvunjika mguu na kupatwa na nimonia, akiwa na umri wa miaka 83, ukiwa umesalia mwezi mmoja tu kutimia miaka 50 tangu usiku ule alipoondoka Abingdon.